Kijana, chagua mlima kabla ya kuchagua mbuzi

Wikendi Eldoret haikosi nyama choma. Na kila anayelipia kilo moja hujiuliza: kwa nini nisiwe mimi ninayeuza mbuzi?

Wazo ni zuri. Shida ni tunavyoanza. Mtu anatazama video ya dume kubwa la Boer, anakopa kwa simu, analinunua na kulifungia nyuma ya ploti. Mvua ya Julai ikikaza, mbuzi anakohoa. Mwezi ukiisha mbuzi hayupo, deni lipo.

Kosa si la mbuzi. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni baridi, tena kuna unyevu. Lakini safari ya kilomita 35 hivi inakufikisha Iten, na hapo ardhi inaporomoka kuelekea Bonde la Kerio, kwenye joto, mawe na vichaka. Huko ndiko kwa mbuzi.

Na mbuzi wa huko tunaye humu humu nchini. Galla, yule mweupe wa kaskazini mwa Kenya, amezoea ukame, hula majani ya vichaka na hutembea mbali kutafuta maji. Dume lake hufika kilo 70; mbuzi wetu mdogo wa kienyeji hukomea 30 hivi.

Basi anza kidogo. Nunua majike ya kienyeji yaliyozaliwa huko huko mteremkoni, uwape dume moja la Galla. Mimba ni miezi mitano. Badilisha dume kabla halijapanda binti zake. Chanja dhidi ya sotoka na homa ya mapafu. Jenga banda lililoinuka, sakafu kavu.

Tusidanganyane, kuna mawili magumu. Wizi wa mifugo bado unatesa sehemu za bonde. Mwaka 2023 serikali ilipeleka hadi wanajeshi. Uliza wenyeji kabla ya kuweka pesa. Pili, mbuzi hafugwi kwa simu. Kama huwezi kushuka huko mara kwa mara, shirikiana na jamaa anayeishi huko, mgawane faida kwa haki. Yeye ndiye anayeamka usiku jike likizaa.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Jiji linakula. Swali ni nani atalilisha, na sisi tunasema kijana wa hapa anaweza, mradi aache kukimbilia video na aanze kwa kuuliza mlima unataka nini.