TUROLD NI NANI?

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tunaandika katika kazi ya Kifaransa: « Turold ndiye alitunga Wimbo wa Roland. » Hapana! Jina lile iko tu kwenye mstari wa mwisho wa kitabu cha mkono kinachotunzwa Oxford. Tena neno linalofuata jina lake, wengine wanasema ni alitunga, wengine alinakili ao aliimba. Vita ilipiganwa mwaka 778, wimbo ulitungwa karibu na 1100. Katikati, vinywa vingapi? Lakini tunaogopa kuacha nafasi wazi, tunajaza ukurasa na maisha ya mtu asiyejulikana. Hadithi za sungura, nani anauliza mwenyewe? Juu ya nini tusiulize hivi: Olivier alipomwomba Roland apige baragumu, naye akakataa, nani alikuwa na haki?