ALIBAKWA DAA, AKABAKWA TENA GAZETINI!

NDUGU msomaji, najua umelifungua gazeti hili ukitafuta kigogo gani kaumbuliwa wiki hii na nani kala fedha za walalahoi. Leo vigogo wapumzike kidogo. Leo kesi ni yangu mimi mwandishi, na ni yako wewe kijana unayesoma hapo kijiweni huku wenzako wanachungulia begani kwako.

Miaka michache iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne na kuanza kuuza habari magazetini, nilipanda bodaboda kutoka Karatu mjini hadi kata ya Daa. Nilikuwa nimesikia kwamba mtoto wa darasa la saba amebakwa na jirani yao. Nilipofika niliwakuta wazee wameketi kivulini wanapanga bei. Bei yenyewe ilikuwa ndama mmoja na pesa ya sare mpya ya shule! Mama wa mtoto alikuwa kajikunyata pembeni, hakuna aliyemwuliza neno. Alinivuta kando akaniambia: "Mwanangu, wewe unaandika. Andika, wasiyamalize hivi hivi."

Nikaandika. Jina la mtoto sikulitaja, nikajiona mwungwana. Lakini nilitaja kitongoji, nikataja darasa, nikataja kwamba baba yake ni fundi baiskeli. Sasa nikuulize, kitongoji kimoja kina mafundi baiskeli wangapi? Mhariri wa gazeti hilo, ambalo jina lake nalihifadhi, akaipamba habari yangu kwa kichwa kikubwa cheusi: DENTI ALIWA URODA SHAMBANI, WAZEE WADAI NDAMA! Mimi nikapewa Sh. 5,000.

Asubuhi gazeti lilipofika stendi ya Karatu, kijana mmoja alilisoma kwa sauti mbele ya madereva wa bodaboda na wapiga debe. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akasema, "Huyo denti mwenyewe alikuwa anataka." Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Sikusema kitu. Niliogopa kuonekana mshamba.

Mwezi haukuisha, mtoto yule hakuwa shuleni tena. Walimcheka wenzake, wakamcheka wapita njia, na mwisho akapelekwa Arusha kufanya kazi za ndani. Kesi ilipofika mahakamani, shahidi mkuu hakuwepo. Mshtakiwa akaachiwa akarudi nyumbani mchana kweupe. Usimlaumu hakimu, maana hakimu hahukumu hewa. Shahidi alifukuzwa na watu watatu: mimi niliyeandika, mhariri aliyepamba, na ninyi mliocheka.

Hapo ndipo nilipoanza kuisoma sheria ambayo nilikuwa naiandika bila kuijua. Hebu nikupe darasa dogo, maana nawe unaijua kwa kusikia tu.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, Sheria Namba 4 ya mwaka huo. Lilikuwa Bunge la vyama vingi. Hata sisi wa Karatu tulikuwa na mbunge wa upinzani mle ndani, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA. Sheria hiyo iliibadilisha Kanuni ya Adhabu, ikasema mbakaji afungwe si chini ya miaka 30, na tena amlipe fidia aliyemtendea. Aliyembaka mtoto wa kike chini ya miaka 10, kifungo cha maisha. Waliobaka kwa kundi, kifungo cha maisha kila mmoja, awe aliyetenda au aliyesaidia kushika. Ikasema pia kwamba si lazima mwathirika awe na majeraha ndipo aaminike. Na msichana aliye chini ya miaka 18, hata akisema "ndiyo", ndiyo hiyo si utetezi.

Je, unajua nani waliipigia debe sheria hiyo? Miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele ni waandishi wa habari! Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipiga kelele miaka na miaka mpaka wakubwa wakasikia. Sheria hii ilizaliwa na kalamu. Na leo kalamu hiyo hiyo ndiyo inayoinyonga!

Sikiliza sasa jambo ambalo wahariri wengi hawapendi ulijue. Pamoja na mabadiliko yale ya 1998, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilipata kifungu cha 186(3). Kifungu hicho kiliagiza kwamba ushahidi katika kesi za makosa ya kujamiiana utolewe faragha, na kwamba ushahidi huo na mashahidi wake wasitangazwe gazetini wala katika chombo kingine cha habari. Kilichoachwa wazi ni taarifa za sheria na majarida ya kitaalamu ya wanasheria na madaktari. Gazeti la udaku halimo! Gazeti la chama halimo! Hili unaloshika mkononi halimo!

Mhariri atakwambia kwamba habari yake ilitoka kabla kesi haijaanza, kwa hiyo kifungu hakimhusu. Huo ni ujanja wa fisi wa bonde la Ngorongoro: hasogei simba akiwa anakula, lakini mzoga ni ule ule.

Tazama na lugha tunayotumia. Mtu akiiba ng'ombe tunaandika "mwizi wa ng'ombe". Hatuandiki kwamba "alifurahia maziwa". Lakini mzee wa miaka 50 akimwharibu mtoto wa shule tunaandika "akutwa akifanya mapenzi na mwanafunzi", "amla uroda", "amfanyia mchezo mchafu". Mapenzi gani hayo? Mchezo gani ambao mchezaji mmoja analia? Na msichana lazima awe "mrembo", kana kwamba uzuri wake ndio uliotenda kosa. Halafu mbakaji tunamwita "mnyama", ili wewe msomaji umtafute porini, wakati yeye ni jirani, mjomba, mwalimu, bosi, au rafiki yako mnayekunywa naye chai.

Usidhani ni mchezo wa sisi wa mashambani tu. Mwaka 2004 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwahukumu kifungo cha maisha mwanamuziki Nguza Viking, yaani Babu Seya, na wanawe watatu, kwa kubaka watoto 10 wa shule ya msingi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wana wawili, ikabakiza adhabu kwa baba na mwanawe Papii Kocha. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli akawapa msamaha. Mwaka 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema kwamba baadhi ya haki zao katika kesi hazikuheshimiwa. Hilo ni jambo zito, na mshtakiwa ana haki ya kutendewa haki.

Lakini sizungumzii hukumu, nazungumzia kurasa zetu. Kwa miaka 13 magazeti yalikupa gitaa, machozi ya gerezani, nyimbo za zamani na mapokezi ya mashujaa. Wale watoto 10 walikuwa wapi? Nani aliuliza kama waliendelea na shule, kama walipata ushauri, kama wanalala usiku? Watuhumiwa walikuwa mastaa. Watoto walikuwa namba.

Njoo karibu zaidi, mwaka 2024. Mwezi Agosti video ya binti wa Yombo, Dar es Salaam, akitendewa unyama na kundi la wanaume, ilizagaa katika simu nchi nzima. Kabla machozi hayajakauka, kamanda wa polisi wa mkoa wa Dodoma akanukuliwa gazetini akimweleza binti yule kama mtu aliyekuwa akijiuza. Kama? Na hata angekuwa anajiuza, sheria ya 1998 imeandika wapi kwamba huyo anabakwa bure? Wananchi walichachamaa, kamanda akaondolewa mkoani, na tarehe 30 Septemba 2024 mahakama ya Dodoma ikawafunga maisha washtakiwa wanne na kumwamuru kila mmoja alipe Sh. milioni 1 ya fidia.

Safari ile haki ilikwenda mbio, tusiwanyime haki yao waliofanya kazi. Lakini wewe kijana, video ile haikufika Karatu kwa miguu yake. Iliruka kutoka simu hadi simu, na vidole vilivyoibonyeza havikuwa vya wale wanne waliofungwa. Kila aliyeituma "ili mwenzangu aone" alimvua binti yule nguo upya.

Nakusikia unanikatiza: "Bwana mwandishi, wasichana wengine wanasingizia! Miaka 30 si mchezo!" Ni kweli si mchezo. Ndiyo maana kuna mahakama, kuna mashahidi, kuna rufaa. Mahakama ya Rufani hufuta hukumu za ubakaji pale umri haukuthibitishwa au ushahidi wa mtoto haukuchukuliwa inavyotakiwa. Mlango wa asiye na hatia upo. Ila gazeti linalochapa uroda halimsaidii mshtakiwa asiye na hatia wala mtoto aliyeumizwa. Linamsaidia mwenye gazeti peke yake!

Na kama kweli unataka kuilalamikia sheria, lalamikia tundu lake halisi. Kanuni ya Adhabu iliacha mwanya kwa mume aliyeoa binti wa miaka 15. Huyo hahesabiwi amebaka, kwa sababu ana cheti cha ndoa! Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ulipita, sheria ikabaki vile vile. Serikali ilikata rufaa, ikashindwa mwaka 2019. Hiyo ndiyo habari ya ukurasa wa kwanza, ndugu yangu. Umeiona mara ngapi kwenye maandishi makubwa meusi?

Habari nyingine za ukurasa wa kwanza ninazo hapa hapa. Kwa nini mama atoke kijijini na mtoto aliyeumizwa, apite kwanza polisi kuchukua fomu ya PF3, ndipo aende hospitali, na nauli ya bodaboda ajitafutie? Nani alipanga ile bei ya ndama, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwa wapi? Kesi imeahirishwa mara ngapi, na kwa nini? Huko kuna vigogo wa kutosha wa kuumbua, bila kumgusa mtoto.

Wazee wetu wa Kiiraqw walikuwa na mila ya kumtenga msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaishi mbali na watu kwa kuogopwa kwamba ataleta nuksi. Sisi vijana wa mjini tunaicheka mila ile, tunaiita ushamba. Yule mtoto wa Daa alitengwa na nani? Na gazeti la mjini, lililosomwa na vijana wa mjini!

Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walitendewa ukatili wa kijinsia kabla ya kufika miaka 18, na mvulana 1 kati ya 7 hivi. Wahesabu mlioketi hapo kijiweni. Mkifika saba, nyamazeni kidogo. Huenda anayecheka kwa sauti kubwa kuliko wote anaficha lake.

Basi nakuomba mambo machache, wala hayahitaji kadi ya chama. Gazeti lenye uroda wa mtoto usilinunue, hata kama ni hili. Mhariri anasoma hesabu ya mauzo kuliko anavyosoma Katiba. Video ikifika katika simu yako, iishie hapo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ina meno. Ukiitwa shahidi, nenda. Ukisikia wazee wanapanga bei ya mtoto, toa taarifa, hata kama mzee mmojawapo ni baba yako.

Kwa upande wangu, sitaandika tena kijiji, darasa wala kazi ya baba. Mhariri akinitaka nipambe, Sh. 5,000 zake abaki nazo. Na siku gazeti la namna ile likisomwa kwa sauti stendi ya Karatu, safari hii sitanyamaza. Wakiniita mshamba, na waniite.

Mama yule wa Daa aliniomba niandike ili wasiyamalize hivi hivi. Niliandika, na wakayamaliza. Deni lake ninalo mpaka leo. Je, wewe uliyecheka, la kwako utalilipa lini?