Dereva anafungwa, tela inarudi barabarani

Barabara ya Mwanza–Musoma, inayopita Nyakato na Nyamhongolo jirani na Buswelu, haipumziki kwa malori. Tela ikiharibika usiku, utingo hukata matawi na kuyatandaza kwenye lami, kisha dereva anaingia uvunguni. Gari likija kuigonga kwa nyuma, maelezo yake tunayajua kabla hayajaandikwa: mwendo kasi, uzembe, hakuchukua tahadhari. Huenda ni kweli. Lakini nani anainama kukipima kile chuma cha nyuma ya tela, kinachotakiwa kulizuia gari dogo lisiingie chini ya bodi? Pita kwenye maegesho ya malori ujionee: kingine kimepinda, kingine kimechomelewa juu mno, kwingine hakipo kabisa. Kisipokuwepo, boneti inapita chini bila kugusa kitu, na kinachoipokea tela ni kioo cha mbele na vichwa vilivyo nyuma yake.

Kila ajali ya vifo ina maswali mawili: nani kaisababisha, na nini kimeua. Sisi huuliza la kwanza, tukampeleka dereva kortini, basi. Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, kontena la lori liliangukia basi la Majinja na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Kosa la barabarani ni jambo moja. Kontena kung'oka na paa la basi kubonyea ni jambo jingine, na lina wahusika wengine. Marekani mahakama ilikubali tofauti hiyo tangu 1968, katika kesi ya Larsen dhidi ya General Motors: mtengenezaji anajua fika kwamba magari hugongana, kwa hiyo anawajibika kwa madhara yaliyoongezwa na ubovu wa muundo, hata kama ajali yenyewe hakuisababisha.

Watasema huko ni kwa mabilioni ya kuokota. Septemba 2024, baraza la wazee wa mahakama mjini St. Louis liliiamuru kampuni ya tela ya Wabash kulipa dola milioni 462, baada ya chuma cha nyuma kushindwa kulizuia gari katika ajali ya 2019 iliyoua watu wawili. Kampuni ilijitetea kwamba tela hiyo, iliyoundwa 2004, ilikidhi viwango vya wakati huo. Mwaka uliofuata jaji aliipunguza sana adhabu hiyo. Kule Georgia, hukumu ya dola bilioni 1.7 dhidi ya Ford kuhusu paa la pikapu ilitenguliwa 2024. Kumbe kiasi kikipindukia, au kesi ikiendeshwa vibaya, mahakama zenyewe hurekebisha. Haki ya kuuliza inabaki pale pale.

Pingamizi zito zaidi ni la mitumba. Utamshitakije Mjapani kwa Hiace iliyokuja kubeba mizigo, ikawekewa viti na fundi wa hapa hapa? Sioni haja ya kumfuata Japani. Yupo aliyeiingiza, yupo aliyechomelea viti, yupo mmiliki aliyeagiza kazi hiyo, na wote wana anuani Tanzania. Sura ya 310 ya Sheria za Tanzania inawapa wategemezi wa marehemu haki ya kudai fidia, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inagusa usalama wa bidhaa. Nauli itapanda? Labda kidogo. Ila gharama ipo tayari, isipokuwa leo inalipwa na mjane. Bima ya lazima humlipa aliyeumizwa, ikilipa. Haimgusi aliyeunda tela bila chuma.

Kinachoua madai haya mapema ni ushahidi. Gari lililopondeka hulala kituo cha polisi, kisha huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kiti kilichong'oka huondoka nalo. Mawakili wa Mwanza waanzie hapo: siku ile ile ya msiba, waiombe polisi kwa maandishi isiachie gari wala tela kabla mhandisi hajapima na kupiga picha.