Sireni Hawakuuza Urembo

Kila ninapokutana na Sireni wa Ugiriki katika Kiswahili, nawakuta wamevishwa mkia wa samaki. Tunawaita nguva, tunawachora wakichana nywele juu ya mwamba, kisha tunatoa funzo: mwanamume, jihadhari na mwanamke mrembo. Funzo hilo tumelitia sisi.

Fungua *Odyssey* ya Homer, kitabu cha 12. Hakuna mstari unaoeleza sura yao. Wachoraji wa vyungu vya Ugiriki waliwapa mwili wa ndege na kichwa cha mwanamke. Chungu kimoja cha karne ya 5 kabla ya Kristo kipo hadi leo British Museum, London. Mkia wa samaki ulikuja karne nyingi baadaye. Mwaka 1909 Mwingereza Herbert Draper akawachora kama wasichana warembo wanaoparamia chombo cha Odysseus, na picha za namna hiyo ndizo tulizorithi.

Sasa sikiliza wanachoimba. Wanamsifu Odysseus kwa jina. Wanamwambia wanayajua yote yaliyowapata Wagiriki na Watroia vitani, na kila litokealo duniani. Atakayewasikiliza ataondoka akijua zaidi. Kitanda hakitajwi. Na kama kitanda kingeua, Odysseus angekwisha kufa: alilala kwa Circe mwaka mzima, akaondoka salama.

Utaniuliza, na ile mifupa ya wanaume iliyorundikana pale? Ipo. Sireni ni wauaji, siwatetei kwa hilo. Ninabishia chambo. Kwa mtu aliyepigana miaka kumi, hakuna wimbo mtamu kama ule unaomsimulia yeye mwenyewe. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Shujaa akisifiwa, huacha usukani. Odysseus aliujua udhaifu wake, ndiyo maana akaomba afungwe kamba mlingotini huku wenzake wakizibwa masikio kwa nta.

Tukisema kilichoua ni urembo, tumemfutia mwanamume kosa lake na kulibandika kwenye mwili wa mwanamke. Hukumu hiyo tunaijua: bwana mkubwa akiaibika, tunauliza yule binti alivaa nini.

Basi wewe unayefasiri, unayefundisha, unayechora: ondoa huo mkia. Waache Sireni na sauti yao, na Odysseus umwachie majivuno yake.