KUKOSA CHUO SI KUKOSA ELIMU

Ndugu zangu wa Kidato cha Sita, kila mwaka hutokea mwenzetu akakosa nafasi katika chuo alichokitamani, akajifungia chumbani kwa haya. Mimi silikubali jambo hilo. Hapa Tanzania, tangu mwaka 2017, maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja, na awamu ya kwanza ikiisha hufunguliwa ya pili kwa masomo yenye nafasi. Anayelia huku siku hizo zikipita hujinyima mwenyewe. Na atazame alama zake, achague masomo yanayolingana nazo, hata katika chuo kisicho na jina kubwa. Nanyi wazazi wetu, msimkaripie. Msaidieni ada ya maombi. Kutangulia si kufika.