Mashabiki wa saibapanki wanabishana juu ya taa za Tokyo, mgodi wa Rubaya wanausahau

Vijana wanaopenda riwaya za saibapanki wakikutana, iwe ni Bukavu, Lubumbashi au Kinshasa, ubishi huwa ni ule ule. Mmoja atasema William Gibson ndiye baba wa wote, kwa sababu riwaya yake Neuromancer ya mwaka 1984 ilichukua tuzo tatu kubwa za Marekani: Hugo, Nebula na ile ya Philip K. Dick. Mwingine atajibu kwamba Neal Stephenson alimpita, kwani neno Metaverse alilolitunga katika Snow Crash mwaka 1992 ndilo lililoifanya kampuni ya Facebook ijibadilishe jina mwaka 2021. Wa tatu atawaambia wote wawili wanyamaze: Philip K. Dick alikwisha kuuliza mwaka 1968 mtu ni nani na mashine ni nini, na kutoka kitabu chake ikatengenezwa filamu ya Blade Runner mwaka 1982.

Ubishi huo ni mtamu. Lakini kipimo kinachotumika ni kibovu. Mashabiki wanawapima waandishi kwa nani alitabiri kwanza, nani ana silaha kali zaidi, mji wa nani una taa nyingi zaidi. Ni kama kusifu nyumba kwa rangi ya ukuta bila kuuliza nani alibeba mawe ya msingi.

Saibapanki tangu mwanzo ilijieleza kwa maneno machache: teknolojia ya juu, maisha ya chini. Makampuni yana nguvu kuliko serikali, mashine ni za ajabu, lakini mtu wa kawaida analala njaa. Basi kipimo cha haki cha kulinganisha waandishi hawa ni kimoja: nani aliona vizuri zaidi mtu aliye chini, na nani alionyesha mashine ile imetoka wapi.

Kwa kipimo hicho, orodha inabadilika.

Gibson anaonyesha vizuri jinsi tajiri anavyomtumia mwizi wa kompyuta kisha kumtupa. Shujaa wake, Case, anachomwa mishipa kwa sumu kwa sababu aliwaibia waliomwajiri. Hilo ni maisha ya chini kweli. Lakini katika Chiba yake, mashine zipo tu. Zinauzwa na kuibiwa, na hakuna anayezichimba. Stephenson anakwenda mbele kidogo: Marekani yake imekatwa vipande vya makampuni, na baharini kuna maelfu ya wakimbizi wanaoelea juu ya vyombo vilivyofungwa pamoja. Hata hivyo wakimbizi hao ni tishio linalokuja kwa wenye nyumba nzuri, kuliko kuwa watu wenye habari yao wenyewe.

Kuna atakayesema si haki kumlaumu mtu wa mwaka 1984 kwa kutojua koltani. Ni kweli, na Gibson halaumiwi hapa. Aliandika riwaya ile kwa mashine ya taipu, kabla ya simu za mkononi kujaa duniani. Wanaolaumiwa ni mashabiki wa leo. Wao wanajua kwamba mwishoni mwa mwaka 2000, mwaka ule ule mashine ya michezo ya PlayStation 2 ilipotoka, bei ya koltani ilipanda ghafla, na watu wakamiminika kuchimba hadi ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, wanamoishi sokwe. Wanajua kwamba tangu 2024 machimbo ya Rubaya, katika Masisi, yako mikononi mwa waasi wa M23, na kwamba maporomoko ya udongo yanawazika wachimbaji humo. Wanajua kwamba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Congo, nyingi ikiwa ya Lualaba na Katanga ya Juu. Wanajua, kisha wanakaa na simu mkononi kubishana juu ya mvua ya Tokyo.

Waandishi wa Afrika walikwisha kulijibu swali hili, lakini majina yao hayatajwi katika mabishano. Lauren Beukes wa Afrika ya Kusini alitoa Moxyland mwaka 2008. Humo, mji ni Cape Town, polisi wanampiga mtu shoti ya umeme kupitia simu yake mwenyewe, na adhabu inayoogopwa ni kukatiwa mtandao. Msomaji wa London anaweza kuiita hiyo ndoto mbaya. Msomaji wa Congo anakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilipokatwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Huku, hadithi hiyo ilikuwa habari ya redio.

Yuko pia In Koli Jean Bofane, mzaliwa wa Mbandaka, na riwaya yake Congo Inc. ya mwaka 2014. Kijana Isookanga, wa jamii ya Ekonda, anaishi msituni. Mnara wa simu unafika kijijini, anapata kompyuta ya wizi, na anaanza kucheza mchezo ambamo makampuni yanapigana vita kugombania madini. Halafu anakwenda Kinshasa kuufanya mchezo ule kuwa biashara. Hapo yupo mwizi wa kompyuta, yapo makampuni, yupo mbabe wa vita aliyepewa cheo, wapo watoto wa barabarani. Na madini yenyewe yapo katikati ya hadithi.

Mashabiki wakali watapinga: hicho si saibapanki, ni kichekesho cha siasa, hakuna hata roboti mmoja. Hoja hiyo haina nguvu. Roboti hawakuwa sharti kamwe. Na kama roboti wanatafutwa, Kinshasa iliweka wake mwaka 2013 kuongoza magari: watu wa aluminiamu wanaotumia umeme wa jua, kazi ya mhandisi Mkongomani, Thérèse Izay. Dereva anasimama mbele ya roboti, kisha anarudi nyumbani ambako umeme umekatika. Teknolojia ya juu, maisha ya chini. Mji gani mwingine unastahili jina hilo kuliko huo?

Wengine watasema riwaya ni ya starehe, na msomaji hana deni kwa mchimbaji. Starehe hakuna anayeikataza. Lakini aina hii ya riwaya ilijisifu kwamba inaonyesha uchafu uliofichwa nyuma ya kioo kinachong'aa. Anayeisoma bila kutaka kuuona uchafu huo amebaki na kioo tu.

Hatari yenyewe iko hapa. Kijana wa Kivu akizoea kuamini kwamba wakati ujao unaishi Tokyo na Los Angeles, atajiona mtazamaji wa hadithi ambayo jasho la ndugu zake limo ndani yake. Hataandika, kwa sababu atadhani kwake hakuna cha kuandika. Na asipoandika yeye, wataandika wengine, na Congo itabaki mstari mmoja katika ukurasa wa mwisho.

Basi mabishano yaendelee, na Gibson abaki katika orodha. Lakini Bofane na Beukes wakae meza moja naye, na kila mwandishi aulizwe swali lile lile: katika mji wako wenye taa nyingi, nani alichimba?