Utani Usio na Mtani: Dhidi ya Utetezi wa Mzaha wa Kikabila Mitandaoni

Utangulizi

Upo mtazamo unaosikika mara kwa mara katika semina za idara zetu, na ambao sasa umeanza kuchukuliwa kana kwamba hauhitaji kuthibitishwa. Mtazamo wenyewe ni kuwa vichekesho vinavyosambazwa katika mitandao ya kijamii, ambavyo aghalabu huiga lafudhi za makabila ya Kenya na kudhihaki tabia zinazodaiwa kuwa za makabila hayo, ni utani wa jadi uliovaa vazi jipya. Wanaoushikilia mtazamo huu hutoa hoja tatu. Kwanza, kwamba utani ni urithi wa Mwafrika na hauna madhara. Pili, kwamba vichekesho hivi ni fasihi simulizi ya wakati wetu, na kazi ya mhakiki ni kuieleza wala si kuihukumu. Tatu, kwamba Wakenya wanaocheka pamoja ni Wakenya waliokwisha kuungana.

Makala haya yanapinga hoja zote tatu. Tunashikilia kuwa kinachoitwa utani hapa si utani, kwa sababu kimekosa masharti yanayoufanya utani kuwa utani. Kwamba mhakiki anayekieleza bila kukihukumu huwa ameshakihukumu, tena kwa upendeleo. Na kwamba kicheko cha pamoja hakiwi ushahidi wa umoja mpaka ijulikane ni nani aliyechekwa, na kama alikuwa na nafasi ya kujibu. Hatuwaombi watu waache kucheka. Tunawaomba wahakiki waache kukitakasa kila kicheko kwa jina la jadi.

Masharti ya utani

Radcliffe-Brown, katika makala yake mashuhuri ya 1940, aliueleza utani kuwa uhusiano baina ya pande mbili ambapo upande mmoja huruhusiwa na ada, na mara nyingine hulazimika, kuutania upande wa pili, nao upande wa pili hutakiwa usikasirike. Hilo ndilo wanalolikumbuka watetezi. Wanalolisahau ni kwamba ruhusa hiyo haikutolewa bure. Nchini Tanzania, ambako utani wa makabila umechunguzwa kwa kina, chimbuko lake mara nyingi ni vita vilivyokwisha kwa suluhu, au misafara ya biashara iliyowakutanisha wenyeji na wapita njia. Watu waliokuwa wakiuana, au ambao wangeweza kuuana, waliafikiana kutukanana badala ya kupigana. Tusi likawa dhamana ya amani.

Dhamana hiyo ilikuwa na masharti. La kwanza ni kurudishiana: anayetania leo hutaniwa kesho, na hana haki ya kununa. La pili ni kujuana: mtani hutaniwa uso kwa uso, na mtu anayejua mipaka ya maneno yake kwa kuwa atakutana naye tena. La tatu, ambalo ndilo zito zaidi, ni wajibu. Mtani ndiye anayefika matangani akafanya vituko huku wafiwa wakilia. Lakini ndiye huyo huyo anayesaidia kuchimba kaburi na kuzika. Haki yake ya kudhihaki imefungamana na jembe alilolishika.

Tukipima vichekesho vya mitandaoni kwa vigezo hivi, tunaona nini? Anayedhihaki hamjui anayedhihakiwa. Kazi yake huonwa na maelfu ya watu ambao baadhi yao hawajapata hata siku moja kuketi na mtu wa kabila linalochekwa. Msiba ukitokea katika jamii hiyo, hakuna anayemtarajia afike. Haki ya mtani imechukuliwa, wajibu wa mtani umeachwa.

Watetezi watasema kuwa sharti la kurudishiana limetimizwa, kwa kuwa kila kabila huchekwa kwa zamu. Hesabu hii ni ya udanganyifu, kwa sababu taswira mgando hazina uzito sawa. Mtu anayesifiwa kwa dhihaka kuwa anapenda pesa kupita kiasi hawezi kulinganishwa na anayeambiwa kuwa kazi inayomfaa ni kulinda lango. Taswira ya kwanza haimzuii mtu kupewa mkopo. Ya pili yaweza kumfungia mlango wa ajira kabla hajafungua kinywa. Tazama, mathalani, picha ya mtu wa Pwani kuwa mvivu, anayelala chini ya mwembe akingojea embe lianguke. Picha hiyo huchekesha mradi tu msikilizaji asikumbuke Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908, ambayo kwayo familia nyingi za Wamijikenda zilijikuta maskwota katika mashamba waliyokuwa wakiyalima. Mtu asiye na hakimiliki ya ardhi hana sababu ya kupanda mti utakaozaa baada ya miaka kumi. Taswira ya uvivu huigeuza dhuluma ya kihistoria ikawa kasoro ya tabia, kisha ikamtaka aliyedhulumiwa acheke pamoja nasi.

Lafudhi na barakoa

Nyenzo kuu ya vichekesho hivi ni lafudhi. Ni muhimu tukumbushane jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa isimu analijua. Gikuyu haina sauti ya l; Dholuo haina sauti ya sh; Kisomali hakina sauti ya p. Mzungumzaji anapokiendea Kiswahili au Kiingereza huenda na mfumo wa sauti aliolelewa nao. Hizi ni habari za fonolojia, na hazina uhusiano wowote na akili, uaminifu wala ustaarabu wa mtu. Kichekesho hufanya kazi yake kwa kuziunganisha habari hizi na tabia: sauti ikikosewa, hadhira huwa imekwisha kupewa mwizi, mchoyo, mshamba au mchawi.

Kuitumia sauti kama mizani ya kuwapima watu si jambo jipya. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinasimulia jinsi watu wa Gileadi walivyowatambua Waefraimu kwenye vivuko vya Yordani kwa kuwataka watamke neno Shibolethi. Aliyelitamka kwa s badala ya sh aliuawa, na inasimuliwa kuwa waliouawa walikuwa 42,000. Msomaji wa Kenya ataona kuwa tofauti iliyokuwa ikipimwa pale ni ile ile inayochekwa katika video za leo. Hatudai kuwa kichekesho kimemuua mtu. Tunachodai ni kuwa sikio linalofunzwa kila siku kuainisha watu kwa sauti huwa limefunzwa kwa matumizi yote, yakiwemo yale ambayo mchekeshaji hakuyakusudia.

Hapa hutolewa pingamizi lenye nguvu zaidi, nalo ni Mzee Ojwang. Je, Wakenya wa makabila yote hawakumpenda kwa miaka mingi katika kipindi cha Vitimbi, na kile Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kiluo? Walimpenda, na walikuwa na sababu. Lakini pingamizi hili huisaidia hoja yetu kuliko linavyoidhuru. Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang mpaka karibu na kifo chake Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ile ilikuwa barakoa, na jambo hilo peke yake linatosha kuthibitisha kuwa lafudhi huweza kuvaliwa na kuvuliwa, wala si alama iliyochorwa katika damu. Zaidi ya hayo, Ojwang alikuwa na mke, nyumba, madeni, hila na majuto. Alirudi wiki baada ya wiki, akashindwa leo na kushinda kesho. Hadhira ilimcheka Ojwang mtu, na lafudhi ilikuwa sehemu tu ya mtu huyo.

Kipande cha video cha nusu dakika hakina nafasi ya mambo hayo. Mhusika wake hana jina ila kabila, hana historia, wala hana kesho. Wahakiki wetu hufundisha kila muhula tofauti ya mhusika duara na mhusika bapa, na humkosoa mwandishi chipukizi anayejaza riwaya yake wahusika bapa. Inakuwaje basi mhusika aliye bapa kuliko wote apokewe kwa shangwe kwa kuwa tu ametokea katika simu? Huu ndio upendeleo tuliousema. Kueleza bila kuhukumu, mahali ambapo taaluma yenyewe ina vigezo vya kuhukumia, ni kuviweka vigezo hivyo kando kwa ajili ya kipenzi.

Kitambulisho tulichovishwa

Neno kipande lina kumbukumbu nyingine katika nchi hii. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kazi alitakiwa kubeba cheti kilichomtaja kwa jina na kabila, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwajiri alikisoma cheti kabla ya kumsikiliza mwenye cheti. Sambamba na usajili huo ilienea imani kuwa kila kabila lina kazi yake ya asili. Wakamba, kwa mfano, walisajiliwa kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles kwa madai kuwa ni watu wa vita. Taswira nyingi tunazozicheka leo kama hekima ya mitaani ni mabaki ya ugawaji huo wa kazi.

Kikopo cha chuma kiliondolewa, lakini desturi ya kumsoma mtu kabla ya kumsikiliza ilibaki. Katika mabishano ya mitandaoni, hoja haijasomwa, jina la mtoa hoja limekwisha kusomwa. Na jina likishasomwa, hoja haihitajiki tena. Kijana aliyezaliwa Kaloleni, Nairobi, akakua akizungumza Sheng, na asiyeifahamu lugha ya babu yake, hupewa kabila na watu asiowajua, kisha hutakiwa alitetee au alionee aibu. Wengi hatimaye hukubali. Huanza kujitania wenyewe kwa taswira waliyovishwa, kwa kuwa anayejicheka kwanza huumia kidogo. Watetezi huliona jambo hili kuwa ithibati ya kukomaa. Sisi twaliona kuwa ndiyo hatua ya mwisho ya kuvishwa kipande: mtu kujifungia mwenyewe kamba ya shingoni.

Umoja wa wacheshi

Kuhusu hoja ya umoja, turejelee tukio la Julai 2015. Shirika la habari la CNN la Marekani liliieleza Kenya kuwa kitovu cha ugaidi, siku chache kabla ya ziara ya Rais Obama. Wakenya walijibu kwa hasira katika Twitter chini ya kauli ya #SomeoneTellCNN, ambayo walikuwa wameitumia pia 2012, na mwezi Agosti mkuu mmoja wa shirika hilo alifika Nairobi kuomba radhi. Hakuna aliyesema kuwa CNN walikuwa wakitania. Hakuna aliyewashauri Wakenya wacheke. Sote tulielewa, bila kufundishwa, kuwa taswira mgando ina gharama: mtalii hatakuja, mwekezaji ataogopa, Mkenya atasumbuliwa uwanjani ugenini. Basi twajua vyema taswira hizi hufanya nini. Tunachokosa ni utayari wa kumruhusu jirani yetu aseme yale yale tuliyoyasema sisi.

Sheria peke yake haitatutatulia jambo hili. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, ambazo Tume ya Waki iliripoti kuwa ziliua watu 1,133, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, na Katiba ya 2010, katika Ibara ya 33, ikaitoa lugha ya chuki katika ulinzi wa uhuru wa kujieleza. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa, likiwemo madoadoa, neno lililokuwa limetumika kuwaita watu waliohesabiwa kuwa wageni katika maeneo ya Bonde la Ufa. Orodha hiyo ina manufaa yake. Lakini orodha hunasa msamiati tu. Haiwezi kunasa lafudhi, kituo, tabasamu la upande mmoja, wala msuko unaomfanya mhusika wa kabila fulani awe mwizi katika kila tukio. Maana hizo hukaa katika umbo. Wanaofunzwa kusoma umbo ni wahakiki wa fasihi, si polisi wala mahakimu.

Hitimisho

Kwa hiyo twatoa mapendekezo matatu kwa idara zetu. Kwanza, mtafiti anayekiita kichekesho cha mitandaoni utani atakiwe kuonyesha mtani ni nani, anajibuje, na ana wajibu gani. Akishindwa, atumie istilahi inayostahili, nayo ni stihizai. Pili, wahusika wa vichekesho hivi wapimwe kwa vigezo vile vile vya uhusika vinavyotumiwa kupimia riwaya na tamthilia. Tatu, hadhira isichukuliwe kuwa kitu kimoja. Mtafiti aulize wanaochekwa wanasemaje, wala asitosheke na idadi ya waliopendezwa.

Fasihi ya Kiswahili ya Kenya ina mifano bora ya jinsi utambulisho unavyoweza kusimuliwa. Katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, kijana anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake, na msomaji humfahamu kwa njia aliyoipita na watu waliompokea, si kwa kabila alilobandikwa mwanzoni. Msomaji humaliza kitabu akiwa na maswali zaidi kuhusu watu kuliko aliyokuwa nayo. Mtazamaji wa kipande cha video humaliza akiwa na jibu alilokuja nalo. Taaluma isiyoweza kuonyesha tofauti hiyo, au inayoiona ikanyamaza kwa kuogopa kuitwa isiyo na ucheshi, haina sababu ya kuendelea kufundisha uhakiki.